Shibe Haitoshi: Kudai Haki ya Lishe Jikoni na Mkutanoni

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi yake hufika Dar es Salaam na kuvuka mipaka, na viazi vya Njombe hujaza vibanda vya chipsi mijini. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2022 ulipopima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano, mikoa hiyo mitatu ndiyo iliyoongoza kwa udumavu. Iringa ilikuwa na karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50 kila mmoja, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Wengi wa watoto hao hawalali njaa. Wanashiba ugali kila siku, na bado miili yao inakosa vitu vya kujengea mifupa, damu na ubongo.

Kwa watu wazima, hasa wa mijini, tatizo limekuja kwa sura nyingine. Mwaka 1991/92, wanawake wa Tanzania wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 11. Kufikia 2015/16 walikuwa asilimia 28. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwamba mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo kubwa la damu na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja ana kisukari. Siku hizi si ajabu kukuta, chini ya paa moja, mjukuu aliyedumaa na bibi anayemeza vidonge vya kisukari. Wote wawili wamekosa kitu kimoja: chakula chenye ubora.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba lishe bora ni haki, na haki hiyo hudaiwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Hudaiwa jikoni, ambako familia huamua fedha kidogo iliyopo inunue nini na nani ale nini. Hudaiwa pia mkutanoni, yaani kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kamati ya shule na baraza la madiwani, ambako huamuliwa mambo ambayo hakuna mama anayeweza kuyamaliza peke yake kwa sufuria yake. Anayehubiri jiko peke yake humtwisha maskini lawama zote. Anayehubiri siasa peke yake humwacha mtoto wa leo akisubiri bajeti ya mwakani. Ushauri ninaoutoa hapa unagusa pande zote mbili.

Haki hii imeandikwa

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linataja chakula katika ibara ya 25. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966 ulikwenda mbali zaidi: ibara yake ya 11 inatambua haki ya kila mtu kupata chakula cha kutosha na kutokuwa na njaa. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1972, Tanzania mwaka 1976. Mwaka 1999 kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilifafanua kwamba chakula cha kutosha hakipimwi kwa ujazo wa tumbo tu. Lazima kiwe na virutubishi mwili unavyohitaji, kisiwe na sumu, na kikubalike katika utamaduni wa wanaokila.

Kamati hiyo ilieleza pia kwamba serikali ina wajibu wa aina tatu. Wa kwanza ni kuheshimu: isimwondoe mkulima, mfugaji au mvuvi kwenye ardhi na maji anayoyategemea bila kumwachia njia ya kujilisha. Wa pili ni kulinda: imkinge mwananchi dhidi ya wanaouza nafaka yenye sumu, wanaodanganya kwenye lebo, na wanaowashawishi akina mama waache kunyonyesha ili wauze maziwa ya kopo. Wa tatu ni kutimiza: pale mtu anaposhindwa kujilisha kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, kama ukame, ugonjwa au uzee, imshike mkono.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja haki hii waziwazi katika ibara ya 43, na ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania haiitaji kwa jina, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi au mlezi amtunze mtoto, na chakula ndicho cha kwanza katika orodha ya haki zinazotokana na wajibu huo. Kwa hiyo baba anayekunywa fedha ya chakula anavunja sheria, na halmashauri isiyotenga fungu la lishe inaacha wajibu wake. Mwananchi anayeuliza habari hizi haombi hisani.

Sahani yetu ilivyobadilika

Katika miaka ya mwanzo ya 1990, mtaalamu wa Marekani Barry Popkin alianza kuandika kuhusu kile kinachoitwa mpito wa lishe. Nchi inapoingia mijini na sokoni, watu huacha nafaka nzima, mikunde na mboga za asili, wakahamia kwenye nafaka iliyokobolewa, ngano, sukari, mafuta na vyakula vya viwandani. Nchi tajiri zilipita njia hiyo kwa vizazi kadhaa. Nchi maskini zinaipita kwa kasi kabla hazijamaliza utapiamlo wa zamani, na ndiyo maana zinabeba mizigo miwili kwa pamoja.

Sitaki kuisifu enzi ya mababu kupita kiasi. Ilikuwa na miezi ya njaa kabla ya mavuno, na watoto wengi walikufa. Lakini ilikuwa na ulezi, mtama, kunde, mlenda, mgagani, dagaa na maziwa ya mgando, na leo vingi kati ya hivyo vinaitwa chakula cha maskini hata na maskini wenyewe.

Watu hawakubadili mlo kwa ujinga. Bei iliwasukuma: mafuta ya mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia, pamoja na sukari na unga wa ngano, vimefanya nguvu ya kushindia siku ipatikane kwa fedha ndogo kuliko yai au papai. Muda nao uliwabana. Mama anayetoka alfajiri kwenda kibaruani na kurudi usiku hana saa tatu za kuchemsha maharage, na mkaa wenyewe ni ghali, wakati chapati na chipsi ziko tayari barazani. Matangazo yakamalizia kazi. Pita barabara yoyote ya mji mdogo utaona maduka yaliyopakwa rangi na kampuni za soda, jina la kinywaji likiwa kubwa kuliko jina la mwenye duka. Ushauri wowote unaosahau bei, muda na matangazo hauwezi kumsaidia mtu wa kawaida.

Anza na fedha ya chakula

Familia nyingi hununua unga kwanza, kisha mafuta na sukari, na kinachobaki ndicho kinachotafutiwa mboga. Geuza mpangilio huo. Siku unapopata fedha, tenga kwanza ya vitu vinne: jamii ya kunde, kitu chenye asili ya mnyama au samaki hata kidogo, mboga za majani za kijani kibichi, na matunda ya msimu. Kilichobaki kinunue unga na mafuta. Tumbo litajaa tu, kwa sababu maharage na mboga navyo hushibisha, na ugali utapungua wenyewe bila mtu kulazimishwa.

Katika kitoweo, dagaa ndiye mkombozi wa mwenye kipato kidogo. Huliwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo humpa mlaji protini, madini ya chuma na chokaa ya mifupa kwa mara moja. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja au nyavu badala ya waliokaushwa juu ya mchanga. Waoshe kwa maji ya moto, wakaange bila mafuta mengi, na sehemu yao watwange wawe unga wa kunyunyizia kwenye uji au mboga ya mtoto. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku na mifugo mingine. Ni haki watoto wetu wawahi kabla ya kuku.

Maharage, choroko na kunde yaloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, ndipo uchemshe. Yataiva mapema, mkaa utapungua, na gesi tumboni itapungua pia. Ukipata nafasi, chemsha ya siku mbili kwa wakati mmoja.

Mboga osha kabla ya kukata, na upike kwa muda mfupi. Mafuta kidogo yanatosha kuusaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo. Usiweke magadi, kwani huharibu baadhi ya vitamini. Kisamvu ni tofauti: lazima kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu yake ya asili itoke. Mchicha huvunwa ndani ya wiki tatu au nne tangu kupandwa, hata kwenye gunia la udongo lililotobolewa pembeni na kuwekwa uani. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanatosha kulimwagilia.

Kuhusu vinywaji niseme wazi. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari, zaidi ya vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Chupa moja imeshavuka kiwango hicho cha pili kabla hujaweka sukari kwenye chai. Katika maduka mengi ya mtaani, bei ya soda hukaribia bei ya mayai mawili. Wageni wakija, wape maji ya ukwaju, ubuyu au ndimu yenye sukari kidogo. Heshima ya mgeni haimo kwenye chupa.

Unga, mafuta na chumvi

Dona lina nyuzinyuzi, vitamini na madini ambayo sembe limeyapoteza kwenye pumba na kiini. Lakini ushauri wa kula dona una sharti: mahindi yawe mazima na makavu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, hukaa zaidi kwenye kiini na ganda, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua karibu watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anika mahindi na karanga juu ya turubai. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa au mahali pakavu palipoinuliwa kutoka sakafuni. Chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na uzitupe kabisa. Usizipeleke kwenye pombe wala kwa kuku, maana sumu hufuata njia hizo ikarudi kwa mtu. Kama mahindi ya sokoni yanakutia shaka na huna mengine, yachambue kwanza kisha uyakoboe. Hapo sembe ni salama kuliko dona.

Tanzania tangu mwaka 2011 na Kenya tangu mwaka 2012 zina kanuni zinazovitaka viwanda viongeze virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Tafuta kwenye mfuko alama ya kuongezwa virutubishi. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna virutubishi hivyo, kwa hiyo anayeutegemea azidishe mboga na mikunde. Mafuta ya kupima yanayokaa juani kwenye chupa nyeupe hupoteza vitamini A. Yahifadhi gizani, yafunike, na usiyakaangie tena na tena mpaka yawe meusi. Chumvi iwe yenye madini joto, na jumla yake kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyojificha kwenye viungo vya paketi.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: usinywe chai pamoja na mlo. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Iache isubiri saa moja au zaidi. Badala yake, kamulia ndimu kwenye mboga au maliza mlo kwa chungwa, embe au pera, kwa kuwa vitamini C husaidia madini hayo yaingie mwilini. Kwa wajawazito na wasichana waliovunja ungo, ambao wengi wana upungufu wa damu, mabadiliko haya hayagharimu chochote.

Siku elfu moja za mtoto

Udumavu hujengeka tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili. Baada ya hapo ni vigumu sana kuufuta. Kwa hiyo kama fedha ya nyumba haiwatoshi wote, iwatoshe kwanza mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wa umri huo.

Mjamzito aongeze mlo mmoja mdogo kwa siku na ameze vidonge vya madini ya chuma na foliki anavyopewa kliniki. Katika jamii kadhaa bado wajawazito hukatazwa mayai au samaki. Wazee wenye hekima wana nafasi ya kuuondoa mwiko huo kwa sauti yao wenyewe, kwa sababu sauti ya muuguzi peke yake mara nyingi haitoshi. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na kwa miezi sita asipewe kitu kingine, hata maji. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha hata kwenye joto la Tanga au Mombasa.

Akifikisha miezi sita, uji mwepesi unaotiririka kwenye kijiko ni maji yaliyotiwa rangi. Uji uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko. Ukitaka uwe laini bila kuuongezea maji, tumia unga kidogo wa kimea cha ulezi au mtama, njia ambayo Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliihimiza tangu miaka ya 1980. Kiweke uji ukiwa umeiva na kupoa kidogo, usubiri ulainike, kisha uuchemshe tena kidogo. Mtoto wa miezi sita hadi minane ale mara mbili au tatu kwa siku, wa miezi tisa na kuendelea mara tatu au nne, pamoja na kitafunwa kama ndizi, papai au parachichi. Aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Nakusihi pia usidanganyike na unga wa lishe wenye nafaka na mbegu nyingi kwenye mfuko mmoja. Wingi wa majina hauongezi ubora. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri huzuia usagaji wa protini, na karanga mbovu chache huingiza sumukuvu kwenye mfuko mzima. Nafaka moja nzuri, maziwa au karanga safi zilizosagwa siku hiyo, yai au unga wa dagaa, na mboga iliyopondwa, vinamtosha.

Mpeleke mtoto kliniki kila mwezi na ujifunze kuisoma kadi yake mwenyewe. Mstari uliolala bila kupanda, au unaoshuka, ni onyo, hata kama mtoto anacheka na kucheza. Juni na Desemba, ulizia matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana utepe wa kupima mzingo wa mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili ikiwa imevimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nani anakula nini nyumbani

Haki ya lishe huvunjwa pia mezani. Katika nyumba nyingi baba hupewa nyama, wageni hufuatia, na mama na watoto wadogo hupata mchuzi. Mtoto wa miaka miwili anayekula sinia moja na kaka zake hushindwa mbio, hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mpe sahani yake, mpakulie wa kwanza, na mtu mzima aketi naye mpaka amalize.

Kwa wakulima, uamuzi mkubwa hufanyika kabla ya chakula kufika jikoni. Gari la mnunuzi linapoegeshwa shambani, gunia huondoka, mayai huondoka, maziwa huondoka, na kinachobaki ni mahindi. Kabla ya kuuza, mume na mke wakae wapige hesabu ya chakula cha mwaka mzima, na wakubaliane idadi ya mayai na vikombe vya maziwa ambavyo haviuzwi kwa bei yoyote. Mnyanyua jembe kutwa nzima hawezi pia kumlisha mtoto mara tano. Wataalamu wa lishe wa nyanda za juu wamekuwa wakisema kwamba kazi nyingi za akina mama ni sababu kubwa ya udumavu katika mikoa yenye neema ya mavuno. Baba anayechota maji, anayetafuta kuni na anayemlisha mtoto mama akiwa shambani anatibu udumavu kwa mikono yake.

Shuleni na mkutanoni

Tunayo historia ya kujivunia. Mwaka 1973 Tanzania iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Kuanzia mwaka 1983, mpango wa lishe wa Iringa ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani uliwafanya wanakijiji wenyewe wapime watoto mara kwa mara, watafute sababu, wachukue hatua, kisha wapime tena. Utapiamlo mkali ulishuka, na fikra zilizozaliwa huko zilichangia mfumo ambao UNICEF iliutumia duniani kote tangu mwaka 1990. Kwamba leo Iringa inaongoza kwa udumavu kunatufundisha kwamba mpango unaotegemea mfadhili hufika mwisho. Upimaji na mjadala wa kijiji lazima uwe desturi isiyo na tarehe ya kufungwa.

Nchi nyingine zimeonyesha kwamba wananchi wakidai, sera hubadilika. Brazil iliingiza chakula katika katiba yake mwaka 2010, na sheria yake ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Mexico iliweka kodi ya peso moja kwa lita ya kinywaji chenye sukari mwaka 2014, na ununuzi ukapungua. Chile tangu mwaka 2016 inabandika alama nyeusi kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi. Jirani yetu Nairobi ilianza mwaka 2023 kuwauzia wanafunzi mlo wa mchana kwa shilingi tano tu za Kenya.

Kwenye kamati ya shule yako, anza na mambo mawili: uji wenye maziwa, karanga au dagaa, au mlo wa mchana wenye maharage, unaochangiwa kwa mazao na wanaoweza bila kumnyima mtoto wa asiyeweza, na kuondoa soda, jusi za unga na pipi getini, nafasi yake ichukuliwe na akina mama wanaouza matunda, mihogo ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma.

Katika ngazi ya halmashauri, jua kwamba serikali imeelekeza kila halmashauri itenge angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Wakuu wa mikoa wamekuwa wakisaini mkataba wa lishe tangu mwaka 2017, na mwaka 2022 waliusaini na Rais Samia Suluhu Hassan. Kila halmashauri inapaswa kuwa na afisa lishe. Kila robo mwaka kijiji kinapaswa kuwa na Siku ya Afya na Lishe, na sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu. Milango ipo, na haihitaji wakili.

Nenda kwenye mkutano ujao ukiwa na maswali yaliyoandikwa. Watoto wangapi wa kijiji hiki walipimwa robo iliyopita, na wangapi wamedumaa au wamekonda? Fedha ya lishe iliyotengwa ni kiasi gani, imetoka kiasi gani, na imefanya nini? Nani anakagua sumukuvu kwenye maghala na mashine zetu? Maji safi yatafika lini, maana mtoto anayeharisha kila mwezi hawezi kunenepa kwa chakula chochote? Nenda na majirani wawili au watatu wanaouliza hayohayo, wakiwemo wanaume. Mwenyekiti akijibu kwa mdomo, omba jibu liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jina la atakayetekeleza na tarehe. Robo inayofuata, mkutano ukifunguliwa, omba ukurasa huo usomwe kabla ya ajenda nyingine yoyote.